Wanawahi, Mheshimiwa

Nchi ya Mapemani haimo kwenye ramani yoyote, na wananchi wake hawaoni ajabu. Wanasema wao walikuwapo kabla ramani hazijachorwa, na mchoraji aliyekuja nyuma yao ni shauri lake. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la pembeni akidhani inasemwa nchi anayoijua. Inasemwa Mapemani.

Sifa ya nchi hiyo ni kuwahi. Zamani Mapemani ilikuwa nchi kama nchi nyingine, watu wanapanda mvua ikinyesha na wanavuna mahindi yakikauka. Mtukufu Mtangulizi alipoingia madarakani, na aliingia wiki moja kabla ya uchaguzi ili kuwapunguzia wananchi usumbufu, aligundua kwamba chanzo cha umaskini wote ni kungoja. Akaunda Wizara ya Kuwahi. Tangu hapo matokeo ya mitihani hutangazwa kabla ya mtihani, ili mwanafunzi aingie chumbani akiwa ametulia. Sikukuu ya mavuno huadhimishwa mahindi yakiwa yamefika magotini, na watu hutafuna majani yake kwa furaha, hasa mbele ya kamera. Barabara huzinduliwa zikiwa bado vichaka. Methali zinazosifu subira zilifutwa, na akina mama waliokuwa na kanga zenye maneno hayo walizisalimisha kituo cha polisi. Kitu pekee kilichokuwa kikichelewa Mapemani ni maji ya bomba, lakini maji si raia.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na Hospitali Kuu, na katika Hospitali Kuu idara ya uzazi ilikuwa chini ya Daktari Rukia Kasembe. Cheo hicho alikipata baada ya mkuu aliyekuwapo, Daktari Mnubi, kuuliza swali kwenye kikao. Mzee huyo alijibiwa kwamba hana haki ya kuuliza, kwa kuwa alikwisha kustaafu tangu mwaka juzi, ila yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hajaarifiwa. Akakusanya miwani yake na chupa yake ya chai, akatoka. Daktari Rukia alikikalia kiti kile kikiwa bado kina joto, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maswali machache.

Alikuwa daktari hodari, hilo hata wabaya wake hawakulipinga. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike aitwaye Tausi, na alikuwa na tabia ya kumwita kila mjamzito "mwanangu". Wanawake waliipenda sana tabia hiyo. Ukilazwa juu ya meza ya upasuaji, taa zinakumulika tumboni na watu wamejifunika nyuso, mtu akikuita mwanangu moyo unatulia.

Balaa lilianza siku alipokuja Waziri wa Kuwahi, Mheshimiwa Pantaleo Ngwira. Alifika siku moja kabla ya siku aliyoitaja, kama ilivyo desturi, akawakuta wafanyakazi wamejipanga tangu juzi, kama ilivyo desturi pia. Wakaingia ukumbini.

"Ndugu zangu madaktari na wakunga," alianza, "mwisho wa mwezi huu tunaadhimisha Jubilei ya miaka ishirini na mitano ya Kuwahi. Najua wapo wachochezi wanaosema bado ni mwaka wa kumi na tisa. Hao hawajaelewa maana ya kuwahi. Sasa, siku hiyo Mtukufu anataka taifa limpokelee watoto. Wengi. Nami nimefanya utafiti. Wako wanawake wanaojifungua kwa uchungu. Hao wametushinda. Mwaka jana tulitoa tangazo rasmi kwa watoto walio matumboni, likasomwa redioni asubuhi na jioni, hawakulitii. Uchungu hauna tarehe. Lakini wako hawa mnaowapasua kwa mpango. Hawa wana tarehe. Na tarehe, ndugu zangu, ni mali ya serikali."

Ukumbi ukaitikia kwa vichwa.

"Naambiwa mnawangoja mpaka wiki ya thelathini na tisa," Waziri aliendelea, na sauti yake ikaingia huzuni ya mzazi. "Wanangojewa kwa lipi? Mtoto ana mikono, ana miguu, ana pua. Amekaa mle ndani anafanya nini? Ananenepa kwa jasho la mama yake. Huo ni ukupe, na ukupe tuliupiga vita tangu uhuru. Kuanzia leo, wote mliowapangia upasuaji mwezi ujao, wapasuliwe kabla ya Jubilei."

Daktari Rukia aliinua mkono. Mkono ulifika usawa wa sikio ukaishia hapo, kana kwamba alitaka kurekebisha hereni.

"Mheshimiwa, ni mapafu," alisema. "Mtoto huishi ndani ya maji. Wiki zile za mwisho ndipo mapafu yake yanapojiandaa kuyatoa maji na kupokea hewa. Akitolewa mapema na hakuna ugonjwa uliotulazimisha, wala mama hajaonja uchungu, anaweza kuhangaika sana kupumua."

"Mapafu," Waziri alirudia, kama mtu aliyetajiwa jina la chama cha upinzani. "Na haya mapafu yamepata wapi uhuru wa kujipangia ratiba?"

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka, kisha akamwinamia Daktari kwa upole wa kweli kabisa. "Daktari, wewe bado hujastaafu, sivyo?"

Daktari Rukia akaushusha mkono. Baadaye alijiambia kwamba alisema, hawakusikia, sasa alitakiwa afanye nini. Lakini moyoni alijua kwamba hakusema hata nusu. Miaka nenda miaka rudi aliwafundisha wanafunzi wake somo hilo hilo, na kila mara alipofika mahali pale alipiga meza kwa kiganja na kuwaambia: mtoto si ndizi, ukimchuma mbichi huwezi kumvundika. Siku ile meza ilikuwapo mbele yake na kiganja alikuwa nacho, na hakupiga.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta Tausi barazani, amenyoosha miguu, anamung'unya ubuyu. Tausi alikuja kwa mama yake kungojea kujifungua, kama mabinti wengi wafanyavyo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na huyu wa pili alipangiwa hivyo hivyo, mwezi ujao.

"Mama, hospitali wamenipigia simu," alisema. "Eti niende kesho kutwa."

"Huendi."

"Si agizo?"

"Agizo ni la wenye mimba zilizokomaa. Yako changa. Tulikosea hesabu."

Tausi alilitazama tumbo lake, ambalo siku hizo lilifika kabla yake kila alikokwenda. "Changa namna hii, Mama?"

"Changa. Na ukitoka nje vaa lile dera pana."

Tausi alitema kokwa kiganjani, akafikiri. "Na mwenzangu Siwatu? Yule fundi cherehani tunayekaa naye kliniki. Tarehe yetu moja, mpaka tunataniana kwamba tutazaa mapacha. Naye mlimkosea hesabu?"

"Kula ubuyu wako, mwanangu," alisema Daktari Rukia, akaingia ndani kuvua viatu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Lakini wahenga hawakuishi Mapemani. Daktari Rukia alilichuma janga akawagawia majirani, na wa kwao akamfungia mlango asilionje. Usiku huo alikula vizuri, akalala vizuri, na hilo ndilo lililokuja kumchoma zaidi baadaye, kwamba alilala.

Wanawake wakaitwa, wakaja. Wapasuliwa wa mwezi mzima walirundikwa katika juma moja, wodi ikajaa mpaka wengine wakalala wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa mwenzake. Nje dirishani bendi ya polisi ilifanya mazoezi ya wimbo wa Jubilei, na mpiga tarumbeta, mzalendo halisi, kila mara alimaliza kabla ya wenzake.

Siwatu alikuwa kitanda cha pembeni, nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, aliyezoea kushona sare za shule, na hata pale wodini alikuwa amekishika kipande cha kitambaa anakitia pindo kwa mkono. Daktari Rukia alipopita kumpima, alikiweka pembeni.

"Daktari, naomba nikuulize jambo, usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu."

"Kliniki niliambiwa mwezi ujao. Sasa naambiwa kesho. Mtoto ana tatizo?"

"Hana tatizo. Mapigo yake mazuri sana."

"Na mimi je?"

"Nawe huna."

"Basi kwa nini?"

Bendi ilipiga, ikanyamaza. "Ni utaratibu mpya," alisema Daktari.

"Mimi sipingi utaratibu," alisema Siwatu. "Ila wewe unatuita wanao. Basi niambie kama unavyomwambia mwanao. Tausi simwoni hapa. Nimesikia hesabu yake ilikosewa. Haya, tuseme isingekosewa, awe amelala hapa nilipolala mimi. Ungempasua kesho?"

Daktari Rukia alisimama ameshika kile kifaa cha kusikilizia mapigo. Hapakuwa na afisa wa Wizara, hapakuwa na kamera. Walikuwa wawili tu na pazia. Angeweza kusema, nenda nyumbani, sema umepata dharura ya kifamilia, rudi baada ya wiki tatu. Hakuna ambaye angejua. Kuna watu hulazimishwa kutenda uovu kwa mtutu wa bunduki, na hao Mungu atawasikiliza. Daktari Rukia hakushikiwa hata kijiti.

"Ningempasua," alisema.

Siwatu alishusha pumzi, akatabasamu. "Basi sawa. Nilitaka tu kujua." Akakichukua kitambaa chake akaendelea kushona.

Jubilei ilitimia, na kwa kuwa ni Mapemani ilitimia siku tatu kabla. Vyumba vya upasuaji vilifanya kazi tangu alfajiri. Mtoto aliyekomaa huzaliwa na hasira. Humkemea hadharani yule aliyemtoa kwenye starehe zake. Siku ile hapakuwa na makemeo mengi. Wengine walilia, alhamdulillahi, wakanyonya, wakalala. Lakini wengi walitoa sauti fupi kisha wakaanza kuguna, kila pumzi na mguno wake, kama mzee anayepandisha mzigo mlimani. Pua zinatanuka, ngozi inazama katikati ya mbavu, kifua kinakwenda mbio.

Mtoto wa Siwatu alikuwa wa kiume. Daktari Rukia alimtoa kwa mikono yake mwenyewe, mikono ile myepesi, na kazi ilikuwa safi kiasi kwamba wauguzi walimpongeza. Mtoto akalia mara moja. Daktari akajipa moyo. Kisha kifua kile kidogo kikaanza mbio zake, na midomo ikaingia rangi ambayo hakutaka kuitazama.

Ilihitajika hewa, na zilihitajika mashine za kuwasaidia kupumua. Mashine zilikuwapo kwa namna ya Mapemani: zilizinduliwa miaka miwili nyuma kwa hotuba na ngoma, na zilikuwa bado hazijaagizwa. Utepe uliokatwa ulikuwa ungali unaning'inia ukutani. Ilikuwapo mashine moja ya zamani, ya kabla ya enzi ya Kuwahi, nayo ilifanya kazi polepole bila kulalamika. Watoto waliihitaji kwa zamu, na kupumua si jambo la zamu.

Mchana Waziri akaingia na msafara wake. Alipita kati ya vitanda vidogo, mikono nyuma, akitabasamu. Akasimama kwenye kitanda cha mwana wa Siwatu, akainama, tabasamu likapungua.

"Daktari, mbona huyu anapumua hivi? Na yule? Na huyu?"

Wauguzi wakamtazama mkuu wao. Kama kulikuwa na siku ya kupiga meza, ilikuwa ni ile, maana ushahidi ulikuwa umelala pale mstari mzima ukiguna. Daktari Rukia alifungua mdomo.

"Wanawahi, Mheshimiwa."

Hata yeye hakujua maneno yale yametoka wapi. Yalimtoka kama kwikwi. Labda alitaka kumkejeli. Alijaribu kujitetea hivyo baadaye, kwamba ile ilikuwa kejeli chungu, yenye masikio angesikia. Lakini Mapemani kejeli ilikwisha jiunga na chama tawala zamani. Uso wa Waziri ulichanua.

"Wanawahi," alisema polepole, akiionja ladha yake. Akawageukia waandishi. "Mmesikia maneno ya kitaalamu? Mtoto wa nchi jirani anavuta pumzi moja, wa kwetu keshavuta mbili. Hawa ndio raia tuliowangojea... yaani, tusiowangojea."

Kabla jua halijazama maneno yale yalikuwa kwenye fulana. Redio ikatunga wimbo. Shule za msingi zikaamriwa kuanza kila asubuhi kwa zoezi la pumzi za haraka, na watoto kadhaa waliozirai gwarideni walisifiwa kwa kuwa wa kwanza kufika chini. Kila aliyekutana na Daktari Rukia alimshika mkono akamwambia: wanawahi, Daktari. Naye akaitikia, kwa kuwa si adabu kutoitikia salamu.

Siku iliyofuata simu ilipigwa kutoka Wizarani. Kijana mwenye sauti nzuri aliuliza, kwa madhumuni ya kupanga kazi, ni watoto gani ambao Daktari anaona hawatapona. Daktari aliuliza kwa nini wanataka kujua. Akaambiwa ni utaratibu. Akawataja wawili. Alitajiwa neno utaratibu, akajibu, kama mtu anayegongwa goti na mguu ukaruka wenyewe.

Mchana ule ule maafisa wawili wa Wizara, suti nyeusi, waliingia wodini na shada la maua, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa Siwatu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kando ya mwanawe, mkono mmoja kwenye kidonda cha tumbo na mwingine kwenye unyayo wa mtoto.

"Serikali inaungana nawe katika kipindi hiki kigumu cha msiba," alisema mmoja.

Siwatu aliwatazama, akamtazama mtoto. "Msiba gani? Mwanangu huyu hapa. Anapumua."

"Ndiyo, mama," alisema afisa kwa heshima. "Tumewahi."

Akamwekea shada mapajani. Siwatu akamgeukia Daktari Rukia, aliyekuwa hatua chache tu, anaunyoosha mpira wa hewa ambao ulikuwa umenyooka.

"Daktari, nani kawaambia hawa?"

"Ni utaratibu wao," alijibu Daktari, macho kwenye mpira.

Siwatu alilichukua shada akalisukuma chini ya kitanda, akarudisha mkono kwenye unyayo wa mtoto. "Waambie wangoje," alisema.

Neno hilo lilikuwa halijasikika hadharani Mapemani kwa miaka mingi. Maafisa walitazamana, mmoja akakohoa, kisha wote wawili wakaamua kwamba hawakusikia, wakaondoka.

Mtoto alifariki keshokutwa yake, mchana, wodi imejaa jua. Zamu ya mashine ilikuwa yake, hivyo hata hilo halikuweza kusingiziwa. Daktari Rukia alijaribu yote aliyoyajua na alijua mengi. Mwishoni alibaki ameshika kifua kile kwa vidole viwili, muda mrefu baada ya kuwa hakuna haja, mpaka Siwatu mwenyewe alipomwambia, "Mwache apumzike, Daktari. Umehangaika sana." Akamshukuru. Wizara haikuja, kwa kuwa ilikwisha kuja.

Wiki tatu zilipita. Siku ya Tausi ilipofika, siku yake halali, Daktari Rukia alimpeleka hospitalini kwa mlango wa nyuma, akamwomba daktari mwenzake ampasue, maana mikono yake mwenyewe aliiogopa. Akangoja koridoni. Mtoto wa kike alitolewa, akapiga ukelele wenye ghadhabu na haki zote, mpaka muuguzi akacheka kwa sauti. Daktari Rukia aliegemea ukuta akalia. Waliopita walimpongeza, wakidhani ni furaha. Na furaha ilikuwamo, hapo ndipo penye aibu. Ilikuwamo tele.

Nyumbani hakutulia. Mtoto akilia, anakumbuka wale ambao hawakulia. Mtoto akinyamaza, anainuka kumwinamia kuona kifua kinavyokwenda, na kilikwenda taratibu, bila wasiwasi wa dunia. Wanawake walioathirika walikuwa na majina, na majina yalimjia akinawa uso, akitia chumvi, akivaa viatu.

"Mama, hana kitu," alisema Tausi. "Mwache alale." Kisha, akimfunika mwanawe, aliuliza: "Siwatu alijifungua nini?"

"Wa kiume."

"Anaendeleaje?"

Daktari Rukia angeweza kusema hajui. "Amekufa," alisema. "Mapafu."

Tausi alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, akapiga hesabu ambayo haikuwa imekosewa. Alimnyanyua mwanawe akamhamishia upande wa pili wa kitanda, mbali kidogo na bibi yake.

Siku hiyo Daktari Rukia aliamua atasema. Nafasi ilikuwa inakuja yenyewe: Mtukufu alikwisha mtunuku Nishani ya Pumzi, na sherehe ya kuivishwa ingefanyika katika Ukumbi wa Taifa, na akina mama wote wa Jubilei wamealikwa, na redio, na mabalozi. Atapewa kipaza sauti. Atasema mapafu ni nini, atasema yeye alijua, atasema kuhusu Tausi. Wamstaafishe, wamfunge, wamrudishe hata darasa la kwanza. Alizirudia sentensi zake mbele ya kioo mpaka zikakaa sawa.

Ukumbi ulijaa. Waziri Ngwira alimvisha nishani, na Daktari akasogea kwenye kipaza sauti. Lakini katika sherehe za Mapemani makofi hutangulia, hotuba hufuata, ili mzungumzaji asiwe na wasiwasi wa kama atashangiliwa. Watu wote wakasimama. Walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine wakapangusa machozi. Waziri akashika kipaza sauti kabla yake.

"Tunamshukuru Daktari kwa hotuba yake nzito, ambayo redio ilikwisha kuwasomea muhtasari asubuhi," alisema. "Hakika tumejifunza. Sasa pilau iko tayari upande wa nyuma."

Na kwa kuwa pilau nayo ilipakuliwa tangu saa moja kabla na ilikuwa inapoa, ukumbi uliondoka wote kwa pamoja. Mabalozi walitangulia. Fundi mitambo alizima kipaza sauti akaukunja waya. Daktari Rukia alibaki jukwaani na viti vitupu, mistari kwa mistari.

Akasema hivyo hivyo. Nini tena angefanya? Maneno alikuwa nayo mdomoni, na yalikuwa yanamwunguza.

"Watoto wale hawakuwahi popote," aliviambia viti. "Tuliwatoa mapafu yakiwa na maji. Nilijua. Katika kikao kile hakuna aliyejua kuliko mimi. Waziri ni mjinga, ana udhuru wake. Mimi sina. Nilisema kidogo, nikanyamaza. Nikaulizwa wodini na mama mmoja, nikamdanganya. Nikaulizwa mbele ya watu, nikatia mzaha, na mzaha huo ndio huu nimevishwa kifuani. Na mwanangu nilimficha nyumbani mpaka siku yake. Hesabu haikukosewa. Nilimficha."

Sauti yake ilikwenda ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi. Ndipo alipoona kwamba kiti kimoja katika mstari wa mwisho kilikuwa na mtu. Siwatu hakwenda kula. Alialikwa kama akina mama wengine wa Jubilei, kwa kuwa hakuna Wizarani aliyekuwa na kazi ya kukumbuka nani amebaki na mtoto na nani hakubaki. Aliinuka, akaja polepole katikati ya viti, akasimama chini ya jukwaa.

"Hesabu haikukosewa," alisema.

"Haikukosewa."

"Tausi kashajifungua?"

"Kajifungua. Msichana."

"Analia?"

"Analia sana."

Siwatu alitikisa kichwa, akakitikisa muda mrefu, kama mtu anayemsikiliza mwingine asiyeonekana. Daktari alingoja matusi. Aliyataka. Angetukanwa pale, mbele ya viti vyote vile, labda usiku ule angelala.

"Mimi nilidhani ni Mungu," alisema Siwatu. "Nikamkubalia." Akajitanda kanga yake vizuri mabegani. "Ungeniambia tu nirudi nyumbani, Daktari, ningerudi. Mtoto yule nilimngoja miaka saba. Wiki tatu zingenishinda?"